Chuma Kinapozidi Mwilini: Kuishi na Hemokromatosisi ya Kurithi

Ndugu zangu, akina mama na akina baba, na nyinyi wauguzi mliotoka zamuni moja kwa moja kuja hapa, asanteni kwa kufika.

Ugonjwa tunaouzungumzia leo, hemokromatosisi, yaani chuma kuzidi mwilini kwa kurithi, wengi wetu tuliokulia Tanga, Kisumu, Bukavu au Bujumbura hatukuwahi kuusikia, na sababu ipo. Badiliko la kinasaba linaloleta sehemu kubwa ya ugonjwa huu ni la watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Nchini Ireland, mtu 1 kati ya 83 hivi amerithi nakala mbili za badiliko hilo, na 1 kati ya 5 amebeba nakala moja. Lakini sasa tunaishi huku Ulaya. Tumeoa na kuolewa huku, tunalea watoto huku, tunafanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee za huku. Mume wako, mkweo, au mzee unayemhudumia ndiye anayerudi na karatasi ya maabara inayosema feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, ni 1,200, na wewe ndiye unayempikia.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu malezi yetu yametufundisha jambo moja tu kuhusu madini chuma: hayatoshi. Mtu akichoka, tunasema damu imepungua, tumwongeze. Tunamletea maini, matembele, juisi ya rozela, vidonge vya kuongeza damu. Kwa mjamzito wa kwetu mwenye upungufu wa damu, huo ni msaada wa kweli. Kwa mtu mwenye hemokromatosisi, uchovu uleule unaweza kuwa umeletwa na chuma kilichojaa kwenye ini lake, na kila kidonge kinamsogeza karibu na madhara yasiyorudi nyuma.

Mwaka 1985 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 163. Waliogunduliwa kabla ini halijapata sirosisi, yaani makovu magumu yanayolisinyaza, wakaondolewa chuma, waliishi umri sawa na watu wengine. Waliochelewa hadi sirosisi au kisukari kuingia, umri wao ulipungua. Matibabu yalikuwa yaleyale. Kilichowatenganisha ni wakati.

Tuangalie kwanza chuma kinavyofika huko. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, nyingi zikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kila siku hupoteza takriban miligramu 1 kupitia seli zinazobanduka kwenye utumbo na ngozi, na hufyonza miligramu 1 au 2 kutoka kwenye chakula. Mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi; figo hazikiondoi kama zinavyoondoa chumvi. Udhibiti wote uko kwenye kuingia. Kazi hiyo ni ya hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini, na mfano wake ni bawabu: chuma kikitosha, huifunga milango ya seli za utumbo ili kingine kisipite kwenda kwenye damu. Mwenye nakala mbili za badiliko liitwalo C282Y katika jeni ya HFE, ini lake halipati taarifa kwamba ghala limejaa. Hepsidini haipandi inavyostahili, na milango inabaki wazi mchana na usiku.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtu akihifadhi miligramu 2 zaidi kila siku, kwa mwaka ni miligramu 730. Kwa miaka 20 ni zaidi ya gramu 14, juu ya zile 3 au 4 alizostahili kuwa nazo. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 mwenye hali hii kwa kawaida haumwi kitu, na mwanamume huanza kudhoofika kwenye miaka ya 40 au 50. Mwanamke huchelewa zaidi, kwa sababu hedhi na uzazi humpunguzia chuma. Kwake mara nyingi ziada huonekana baada ya hedhi kukoma.

Chuma hicho hukaa kwenye ini kwanza, kisha kwenye kongosho, moyo, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na maungio. Kikikosa protini ya kukishika, huunguza utando wa seli na kuacha makovu. Dalili zinafuata mahali kilipokaa: uchovu usioelezeka, maumivu upande wa kulia wa tumbo, kisukari, hamu ya tendo la ndoa kupotea na nguvu za kiume kupungua, hedhi kukatika mapema, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Alama moja ya kushika sana ni maumivu ya maungio ya kidole cha shahada na kidole cha kati, pale pale mifupa ya ngumi inapotokeza. Mtu anaumia akipeana mkono. Vitabu vya zamani vinataja ngozi kugeuka rangi ya shaba, ambayo ikiandamana na kisukari iliitwa kisukari cha shaba. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo ni magumu kuyaona, kwa hiyo mtu asisubiri ngozi imwambie.

Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyo ya ugonjwa huu peke yake. Lazima kupima, na vipimo vya kuanzia ni viwili, vifanywe pamoja. Cha kwanza ni asilimia ya transferini iliyojazwa chuma. Transferini ni protini inayokibeba chuma kwenye damu. Ikiwa imejaa zaidi ya asilimia 45, kuna jambo la kufuatilia. Kipimo hiki hupanda na kushuka kwa saa za siku, hivyo kikiwa juu kirudiwe asubuhi, na mtu awe ameacha vidonge vya chuma. Cha pili ni feritini, inayoonyesha akiba iliyohifadhiwa. Kwa mwanamume, zaidi ya maikrogramu 300 kwa lita ni nyingi. Kwa mwanamke, zaidi ya 200.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo watu wa kwetu wanapotishwa bure. Feritini peke yake hudanganya. Hupanda kwa homa, kwa maambukizi, kwa pombe, kwa unene, kwa ini lenye mafuta, kwa uvimbe wowote mwilini. Mwenye feritini 600 na transferini iliyojaa asilimia 28 hana sura ya hemokromatosisi. Atazamwe kiuno chake, sukari yake, pombe yake, na ini lake. Usipime feritini ukiwa na malaria au mafua makali halafu ukaanza kulia.

Vyote viwili vikiwa juu, hufuata kipimo cha vinasaba, na damu kidogo tu inatosha. Jeni ya HFE iligunduliwa mwaka 1996, ingawa tangu 1935 daktari Mwingereza Joseph Sheldon alikuwa amekusanya taarifa za wagonjwa 311 na kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi. Majibu yakisema C282Y mara mbili, hayo ndiyo yenye uzito. C282Y moja na H63D moja, badiliko jingine la jeni hiyohiyo, huleta ziada ndogo, na mara nyingi kuna kitu kingine kinachoichochea, kama pombe au mafuta kwenye ini. H63D imeenea pia Afrika ya kaskazini na Mashariki ya Kati, kwa hiyo baadhi yetu wenye damu ya Uarabuni tunaweza kukutwa nayo. Peke yake ni nadra kuleta ugonjwa.

Na kurithi si kuugua. Utafiti uliofanywa Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kati ya wenye C282Y mara mbili, wanaume asilimia 28 hivi ndio waliopata madhara ya chuma, na wanawake asilimia 1 hivi. Aliyerithi lakini feritini yake ni ya kawaida hatolewi damu. Anapimwa kila mwaka, basi.

Feritini ikizidi 1,000, mambo yanabadilika. Kuanzia hapo uwezekano wa makovu makubwa kwenye ini ni mkubwa kiasi kwamba ini lazima lichunguzwe: kipimo cha kupima ugumu wake, mara nyingine MRI inayopima kiasi cha chuma, na wakati mwingine kipande kidogo cha ini chenyewe. Moyo nao ukaguliwe. Usikubali kuambiwa "tutaanza kutoa damu halafu tutaona." Ni lazima ijulikane mapema kama sirosisi ipo, kwa sababu mwenye sirosisi anabaki kwenye hatari ya saratani ya ini hata baada ya chuma kuisha, na anahitaji ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6 kwa maisha yake yote.

Sasa familia. Mgonjwa akishathibitishwa, watu wa kwanza kuambiwa ni ndugu zake wa tumbo moja. Ikiwa wazazi wote wawili ni wabebaji, kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na nakala mbili. Huyu dada au kaka anayejisikia mzima ndiye anayefaidika kuliko mtu yeyote, kwa sababu akikutwa na feritini 400 atatolewa damu mara chache na hatajua kamwe sirosisi ni nini. Kuwaficha ndugu ugonjwa wa ukoo kwa aibu ni kuwanyima nafasi hiyo. Wazazi wakiwa hai, nao wapimwe.

Watoto wetu wa mchanganyiko huleta swali kila mara, na jibu lake linatuliza. Baba Mwairishi mwenye C282Y mara mbili humpa kila mtoto nakala moja, bila kukosa. Mama aliyetoka Morogoro au Machakos, asiye na mababu wa Ulaya, karibu kwa hakika hana badiliko hilo, kwa kuwa kwa Waafrika ni nadra mno. Mtoto atakuwa mbebaji: nakala moja, na hatapata ugonjwa huu. Hakuna haja ya kumchoma sindano akiwa mdogo. Akikua na akitaka kuoa au kuolewa na mtu wa Ulaya ya kaskazini, hapo aijue hali yake, kwa sababu mwenzake anaweza kuwa mbebaji pia.

Matibabu ni kutoa damu. Tangu miaka ya 1950 hadi leo hakuna dawa iliyoishinda njia hiyo. Mililita 450 hadi 500 za damu zina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Damu ikitoka, uboho hutengeneza nyingine na kukitumia chuma kilichohifadhiwa. Hivyo tunachota kutoka kwenye ini kupitia mshipa wa mkono.

Awamu ya kwanza ni mara moja kwa wiki, au kila wiki mbili kwa asiyeweza, hadi feritini ifike 50 hivi. Kwa wastani kila mfuko hushusha feritini kwa maikrogramu 30. Aliyeanza na 1,500 ana 1,450 za kushusha. Gawa kwa 30, ni mifuko 48. Karibu mwaka mzima wa kila wiki. Mwambieni mgonjwa ukweli huo siku ya kwanza, maana anayetarajia miezi miwili hukata tamaa mwezi wa tatu. Mwelekezeni pia kwamba feritini haishuki kwa mstari ulionyooka; wiki za mwanzo inaweza kuyumba, hata kupanda kidogo.

Siku ya kutolewa damu inaanza siku moja kabla, kwa kunywa maji ya kutosha. Asubuhi yake mtu ale chakula cha kawaida, na katika nusu saa kabla ya sindano anywe nusu lita ya maji. Asiyekunywa, mishipa yake hujificha, damu hutiririka polepole, na yeye ndiye huzirai. Kwa sababu hiyo hiyo, tusitolewe damu tukiwa tumefunga. Aliye kwenye awamu ya matunzo, ile inayofuata feritini ikishashuka, apange tarehe kabla ya Ramadhani au baada ya Idi. Aliye kwenye awamu ya kila wiki, mwezi mzima ni mrefu kusubiri. Azungumze na kliniki na shehe wake kuhusu kuacha kufunga siku hiyo moja na kuilipa baadaye.

Kabla ya sindano, himoglobini ipimwe. Ikishuka chini ya 12, mapumziko kati ya mifuko yarefushwe. Chini ya 11, isitolewe siku hiyo. Hapo ni gramu kwa desilita. Maabara za Uingereza na Ireland huandika kwa lita, yaani 120 na 110, kwa hiyo usishtuke ukiona 128 wala usidhani ni kosa. Presha na mapigo ya moyo vipimwe pia. Mtu mwenye uzito chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa moyo, hutolewa kidogo zaidi, mililita 250 hadi 350, na pengine kurudishiwa maji ya drip upande wa pili.

Sindano yenyewe ni nene, geji 16 au 17, kwa sababu nyembamba huchelewesha damu hadi ikaganda njiani. Mfuko huwekwa kwenye mizani chini ya usawa wa mkono. Kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 20. Damu ikisuasua, sababu huwa ni maji machache mwilini, mkono wa baridi, au ncha ya sindano kugusa ukuta wa mshipa. Mkono upashwe joto, mgonjwa afinyefinye mpira, sindano irekebishwe kidogo. Tundu lilelile likitobolewa wiki baada ya wiki huota kovu, hivyo mikono ibadilishwe. Ukisikia maumivu kama shoti ya umeme yakikimbia hadi vidoleni, sema hapo hapo: sindano imegusa neva na inapaswa kutolewa, si kuvumiliwa.

Kuzirai kuna dalili za kutangulia: miayo, jasho la baridi, kichefuchefu, masikio kuvuma. Ukiona moja tu, mwambie muuguzi. Atasimamisha, atakulaza na kuinua miguu. Wenye tabia ya kuzirai husaidika kwa kukaza misuli ya mapaja na makalio kwa sekunde chache, wakilegeza na kukaza tena, muda wote damu inapotoka. Baada ya sindano kutoka, bonyeza pamba dakika 5 mkono ukiwa umenyooka. Wengi hukunja kiwiko, na hicho ndicho kinacholeta alama nyeusi. Kaa robo saa, kunywa tena, usibebe mzigo kwa mkono huo, usiende mazoezini wala kwenye sauna siku hiyo.

Katika awamu hii feritini hupimwa kila mwezi, na ikishuka chini ya 200 ipimwe kila mfuko au miwili, ili mtu asipitilizwe akaingia kwenye upungufu wa damu. Vitamini B12 na foleti nazo ziangaliwe mara kwa mara, kwa sababu uboho unaotengeneza damu kwa kasi huzitumia sana.

Wenye kisukari wana jambo lao, na hata kliniki nyingine hulisahau. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, hutegemea chembe nyekundu zenye umri wa kawaida. Ukitolewa damu kila wiki, damu yako ni changa. Sukari haijapata muda wa kushikamana nayo. HbA1c hushuka wakati sukari haijashuka. Usipunguze dawa kwa kipimo hicho. Tumia kipimo cha kidole, kwa daftari, hadi awamu ya kila wiki iishe.

Feritini ikifika 50 hivi, huanza awamu ya matunzo: mfuko mmoja kila baada ya miezi 2 hadi 6, kulingana na kasi ya kila mwili, feritini ikibaki kati ya 50 na 100. Kipimo angalau kila miezi 6. Usishangae asilimia ya transferini kubaki juu wakati feritini imetulia. Na msilazimishe feritini ishuke karibu na sifuri mkidhani ndiyo usalama zaidi. Mwili wenye njaa ya chuma hupunguza hepsidini hata ile kidogo iliyobaki na kufyonza kwa pupa, na mgonjwa anachoka upya.

Awamu hii ndiyo inayowapoteza watu. Hakuna maumivu, uchovu umepungua, maisha yana mambo mengi, tarehe moja inapita, kisha mwaka, kisha mitatu. Chuma hakisubiri. Jeni ni ileile na milango iko wazi vilevile. Kama wewe ni mke, mume au mtoto mkubwa wa mtu mwenye hali hii, chukua jukumu la tarehe zake kama unavyochukua jukumu la kodi ya nyumba.

Tuseme pia nini kinarudi na nini hakirudi, ili mtu asidanganywe. Uchovu kwa wengi hupungua, rangi ya ngozi hurudi, vimeng'enya vya ini hushuka, moyo uliodhoofika unaweza kupata nguvu, makovu ya awali ya ini yanaweza kulainika. Maungio ni wakaidi: maumivu yanaweza kuendelea, hata kuanza baada ya chuma kwisha, na hutibiwa kama baridi yabisi nyingine, kwa dawa za maumivu, mazoezi, na mara nyingine upasuaji. Kisukari kilichokwisha kuingia kwa kawaida hubaki. Nguvu za kiume zilizopungua mara nyingi zinahitaji homoni. Mwanamume apimwe testosteroni badala ya kuhangaika na mizizi ya sokoni.

Wasioweza kutolewa damu, kwa mishipa mibovu au ugonjwa wa moyo, hupewa dawa zinazokamata chuma kama deferasiroksi, zenye madhara yake kwa figo na ini. Hospitali nyingine zina mashine inayochuja chembe nyekundu na kurudisha maji ya damu, hivyo hutoa chuma kingi zaidi kwa kikao kimoja. Hijama, ile wazee wetu wa pwani waliyoita kuumika, haiwezi kuchukua nafasi. Damu inayotoka ni kidogo, haipimwi, na himoglobini haijulikani.

Chakula kina nafasi yake, lakini nafasi ndogo. Hakuna mlo utakaotoa gramu 10 za chuma kwenye ini. Acha vidonge vya chuma na multivitamini zenye chuma; soma kopo. Acha vidonge vya vitamini C, kwa kuwa huongeza ufyonzaji. Chungwa na embe kula tu. Nyama nyekundu kwa kiasi, maini na bandama mara chache sana. Chai ya rangi pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa, na hapa tuna bahati, maana chai tunainywa tayari. Mchicha na matembele havina shida, chuma cha mboga hakifyonzwi kwa urahisi. Ugali nao usiogopwe, ila mjue kwamba unga wa viwandani Kenya na Tanzania huongezwa chuma kwa mujibu wa sheria. Mwenye hali hii anayeishi nyumbani achague unga wa kusaga mashineni, usioongezwa kitu. Vyakula vichachu visipikwe kwenye karai la chuma tupu.

Pombe si suala la kiasi kwa mwenye sirosisi: aache kabisa. Utafiti mwingine wa Australia ulionyesha kwamba wenye hemokromatosisi waliokunywa zaidi ya gramu 60 za kilevi kwa siku, yaani bia nne au tano, walikuwa na uwezekano wa kupata sirosisi mara 9 hivi kuliko waliokunywa chini ya hapo. Chuma na pombe huliunguza ini lilelile. Chanjo ya homa ya ini A na B ni lazima, na kwa wanaotoka ukanda wetu, ambako homa ya ini B imeenea, kipimo kitangulie chanjo.

Kisha kuna bahari. Bakteria aitwaye Vibrio vulnificus huishi kwenye maji ya chumvi yenye joto, na hustawi sana kwenye damu yenye chuma kingi. Kwa mtu mzima mwingine huleta tumbo la kuendesha. Kwa mwenye chuma kilichozidi na ini bovu huweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Chaza wabichi wa kwenye mahoteli wasiliwe kabisa. Waliopikwa hadi wakaiva hawana neno. Mwenye kidonda mguuni asiingie baharini, na akijikata kwenye mwamba, akaona mguu unavimba na kubadilika rangi na homa inapanda, aende hospitali saa ileile na aseme ana hemokromatosisi.

Damu inayotolewa je? Ni damu salama. Ugonjwa huu hauambukizi. Uingereza, Ireland na Australia hupokea damu ya watu hawa wakitimiza masharti ya kawaida ya uchangiaji, mfuko ukaenda kwa mgonjwa mwingine badala ya kumwagwa. Ila ukitoka likizo Mombasa au Zanzibar, benki ya damu itakusimamisha kwa miezi kadhaa kwa ajili ya malaria. Usiruke mfuko kwa sababu hiyo. Panga utolewe hospitalini.

Nanyi mnaouliza kama Mwafrika asiye na damu ya Ulaya anaweza kujaa chuma: ndiyo, kwa njia nyingine. Kusini mwa Afrika ziada ya chuma imejulikana tangu 1929 kwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe ya kienyeji iliyochachushwa kwenye vyombo vya chuma, na inawezekana kuna kinasaba kingine kinachosaidia. Wenye selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara hujaa pia, kwa kuwa kila chupa inaingiza miligramu zilezile 200 hadi 250. Hao wengi hutibiwa kwa dawa za kukamata chuma. Kipimo cha HFE kikirudi safi kwa Mwafrika, uchunguzi haujaisha.

Mwisho, safari ya nyumbani. Mwenye hali hii asafiri na barua ya kliniki ya ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, majibu ya vinasaba, feritini na himoglobini ya mwisho pamoja na tarehe, kiwango kinacholengwa, mililita zinazotolewa, na kama ini lina sirosisi au la. Iandikwe wazi kwamba asipewe chuma wala kuongezewa damu kwa sababu ya uchovu tu, bila kupimwa himoglobini na feritini. Mjamzito aionyeshe kliniki ya wajawazito kabla hajapewa vidonge vya kawaida. Kutolewa damu husitishwa wakati wa mimba, na chuma atapewa iwapo feritini yake imeshuka kweli. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu atafute mapema hospitali kubwa yenye benki ya damu, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Vifaa ni vilevile vya kuchangia damu na wauguzi wanaijua kazi hiyo, ila daktari wa hapo ataitaka ile barua ndipo asaini.